Mwenye Taji la Masuke

Enzi za Mwingereza, ngano ya Yunisi ilikuwa na jina. Baridi ya Julai ilipoanza kuuma masikio, wapitanjia wa kati ya Njombe na Makambako walisimama kando ya shamba lake na kulitazama tu, limekauka vizuri, rangi ya mkate uliotoka kuokwa sasa hivi. Siku hizi pale pameota miti ya miwati. Wazee waliobaki wakipita hugeuza shingo kutazama upande ule, na asiyejua hudhani wamepotea njia.

Yunisi mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mjane, mwepesi wa mdomo na mwepesi zaidi wa kumkaribisha mtu togwa. Kulima ngano alijifunza usichanani mwake katika shamba la Mjerumani mmoja jirani. Vita ya Hitla ilipoanza, serikali ikamchukua yule Mjerumani na mkewe ikawapeleka kusikojulikana, na vitu vyao vikapigwa mnada chini ya mikalitusi. Wanaume waligombania majembe ya kukokotwa na misumeno, nusura wavunjane meno. Yunisi akaondoka na kitu ambacho hakuna aliyekitaka, picha kubwa yenye fremu na kioo, akaibeba kichwani mpaka kwake huku watu wakimcheka.

Walioicheka baadaye ndio waliokuja kuitazama. Ilionyesha mwanamke wa Kizungu, mnene, mashavu mekundu, amesimama katikati ya ngano. Kichwani alivaa taji la masuke, mkono mmoja umeshika mundu, mwingine umekumbatia mganda. Lakini macho yake hayakuwa kwenye ngano. Yalitazama mbali, nje kabisa ya fremu, kama ya mtu anayemngoja mgeni wake atokeze kwenye kona ya barabara.

Ni nani huyu? Wenye picha walikwisha ondoka, na kusema kweli hakuna aliyeona haja ya kuuliza. Kila Mlutheri aliyepita darasa la kipaimara alimjua mwanamke aliyeokota masuke shambani kwa watu kwa ajili ya mama mkwe wake. Alikuwa Ruthu. Efraimu, mzee wa kanisa, alikuja na miwani yake, akaisogelea picha, akarudi nyuma, akasogea tena, akathibitisha. Lile taji lilimpa taabu kidogo, maana Ruthu hakuwa malkia, lakini Efraimu hakuwa mtu wa kushindwa na taji. Alisema ni taji la uaminifu, akaomba sala ndefu, akanywa togwa vibuyu viwili.

Basi Ruthu akakaa ukutani. Na miaka miwili baadaye Manase, mtoto wa pekee wa Yunisi, akaoa binti wa Ipelele aitwaye Idda, yatima, mrefu, mkimya, aliyeizoea baridi kuliko hata Wabena wenyewe, wenyeji wa pale. Hawakukaa sana. Manase alichukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, akapelekwa Burma, na huko akafa. Tarishi wa boma alileta habari wakati wanawake hao wawili wako shambani, Yunisi anakata, Idda nyuma yake anafunga miganda. Walimsikiliza, wakamshukuru kwa safari yake, kisha wakakaa chini palepale kwenye mabua na kulia hadi jua likazama.

Matanga yalipokwisha, wakubwa wa ukoo walimwambia Idda kwamba yuko huru kurudi Ipelele. Hakurudi. Alisema Ipelele hana mama, mama yake yuko hapa. Tangu siku ile Yunisi alimpenda kwa namna ambayo pengine hata Manase hakupendwa, na hakuona aibu kulisema. Wakavuna pamoja mwaka hadi mwaka. Ngano ya kule ilivunwa na watu wawili wawili, mkataji na mfungaji, na jozi zilijuana kama mume na mke. Yunisi alikuwa na pumzi fupi. Kila alipochoka, Idda aliufungua mganda aliokwisha kuufunga, akaufunga upya polepole kana kwamba umemshinda, ili mama mkwe apumzike bila kuonekana amepumzika. Yunisi aliuona ujanja ule kila mara, na kila mara aliunyamazia. Hizo ndizo siku ambazo baadaye alizikumbuka kuwa zilikuwa tamu, ingawa wakati wenyewe alilalamika mgongo tu.

Kisha akaja mtu wa samaki. Aliitwa Enoki, wa Lupingu, kule chini ziwani, na alipanda milima na mzigo wa mbasa wakavu kuja kuuza Njombe na Makambako. Mara ya kwanza aliomba maji. Mara ya pili aliomba kivuli, siku ambayo hapakuwa na jua. Mara ya tatu Yunisi alitambua kuwa samaki wanaobaki jikoni ni wengi kuliko walionunuliwa, na kwamba Idda, ambaye zamani alisema samaki wananuka, sasa anawala mpaka anamumunya miiba.

Enoki alipotuma mshenga, Yunisi alimpokea vizuri na kumjibu kwamba watafikiri. Mshenga alipotoka tu, akaanza. Alisema Lupingu ni shimoni, watu wanashuka siku nzima hadi magoti yanatetemeka, kuna joto, kuna mbu, kuna homa, na anayeshuka huko hapandi tena. Idda alinyamaza, akiosha vyungu. Ukimya ule ulimuudhi Yunisi kuliko jibu lolote. Akaiangua picha kutoka msumarini, akamsogezea mkwewe usoni.

"Mtazame huyu," alisema. "Alimwacha mama mkwe wake?"

Haki ya Mungu, habari za Ruthu Yunisi alizijua vizuri hadi pale mavuno yanapokwisha. Zile za mbele, ambako Ruthu anaolewa tena, hakuzigusa sana. Idda alizijua zote, lakini hakuwa mtu wa kumwaibisha mkubwa. Aliinua mkono ili kuisogeza picha kando, mikono yao ikagongana, picha ikaanguka na kioo kikapasuka. Waliokota vipande pamoja, na Idda akajikata kidole.

Kioo cha madirisha kilipatikana Makambako tu, kwa Bwana Stavro, Mgiriki aliyekuwa na malori na duka la vipuri njia panda. Yunisi aliifunga picha kwenye kitenge, akaondoka alfajiri. Stavro alikuwa mtu wa makelele, mwenye mikono ya grisi na Kiswahili cha madereva. Lakini alipofungua kile kitenge alienda kunawa mikono kwa sabuni, ndipo akarudi kuishika ile fremu.

"Mama, huyu umempata wapi?"

Yunisi akamweleza habari za mnada, kisha akamweleza, kwa kuwa Mgiriki si lazima ajue Maandiko, kwamba huyo ni Ruthu. Stavro alitikisa kichwa taratibu. Alisema huyu si Ruthu, huyu ni wa kwao Ugiriki. Zamani sana, kabla mababu zake hawajabatizwa, waliamini kuwa ndiye aliyewapa watu ngano, wakamwabudu kama mungu. Jina lake Dimitra. Walipobatizwa waliacha kumwabudu, lakini jina hawakuliacha. Hata mama yake Stavro aliitwa hivyo, na alikuwa Mkristo safi.

Yunisi aliketi juu ya debe la petroli lililokuwa karibu. Kwa miaka yote ile alikuwa amesali chini ya sanamu ya watu wasiobatizwa, tena pamoja na mzee wa kanisa. Stavro, akiona uso wake, akampa chai, akaanza kumsimulia. Huyo Dimitra alikuwa na binti mmoja tu. Bwana wa kule chini, chini ya ardhi, alimtamani binti, akamchukua akashuka naye. Mama alizunguka dunia nzima na mienge ya moto akimtafuta, na kwa uchungu wake akaikataza ardhi isitoe hata punje. Watu wakaanza kufa njaa. Mwisho ikabidi wapatane. Binti alikuwa amekwisha kula punje za komamanga kule chini, na aliyekula chakula cha kule hawezi kuondoka moja kwa moja. Basi sehemu ya mwaka anakaa kwa mumewe, na sehemu ya mwaka anapanda kwa mama yake.

Hapo Yunisi aliwafikiria wale mbasa na miiba yao, akaiweka chai chini.

Stavro akaleta kitabu kizee kisicho na jalada, kilichojaa picha, akamfunulia. Kumbe wa ukutani hakuwa peke yake. Wazungu walimchora yule mama tangu enzi na enzi. Palikuwa na sanamu ya jiwe, ameketi, mikono imekatika, uso mtulivu wa mtu aliyekwisha kulia. Mwitalia mmoja alimchora mnene, amezungukwa na watoto wanene waliobeba matunda. Mwingine alimchora amekonda, anakimbia na mwenge, nywele zimetimka. Mfaransa alimchora kifua wazi, na ukurasa huo Yunisi aliufunua haraka yeye mwenyewe, akikohoa. Stavro akamalizia kwa kumwonyesha sarafu ya kwao, kichwa cha yule yule mama upande mmoja, suke la ngano upande wa pili. Nyuso zote zilikuwa mbalimbali, lakini masuke yalikuwa yale yale.

Yunisi aliuliza uso wake hasa ni upi. Stavro akasema hakuna aliyewahi kumwona. Kila mchoraji alimchukua mwanamke wa kijijini kwake aliyemjua, akamvika masuke, basi.

"Na huyo binti," Yunisi aliuliza, "alirudi kweli?"

"Kila mwaka, mama. Hajakosa."

Njia nzima ya kurudi, picha kichwani na kioo kipya juu yake, Yunisi aliona uchungu, na uchungu wenyewe ulikuwa wa kujitambua. Idda hakuibwa na mtu. Alitaka kushuka kwa miguu yake mwenyewe, na aliyekuwa ameikataza ardhi alikuwa yeye, Yunisi, kwa kumtanguliza Ruthu. Alimwona tena mtoto yule akiufungua mganda na kuufunga upya, mwaka hadi mwaka, na hakuna siku aliyomwambia ahsante. Alisimama kando ya barabara, akaegemea mti, akalia.

Alipofika aliitundika picha mahali pake, akamwita Idda akae karibu. Akamsimulia yote, hata la Mfaransa, kwa kuwa hakuweza kujizuia.

"Huyu si Ruthu," alisema mwishoni. "Ni mama aliyekuwa mchoyo wa binti yake, kama mimi. Shuka Lupingu, mwanangu. Ila ngano ikikauka, upande milima uje unifungie miganda."

Idda alilaza kichwa mapajani kwa mama mkwe wake, akasema atapanda. Efraimu hakuambiwa lolote. Aliendelea kuwaeleza wageni habari za Ruthu na taji la uaminifu hadi uzee wake, na kila alipoanza, Yunisi alikumbuka kuwa togwa iko jikoni, akaenda kuileta huku mabega yakitikisika kwa kicheko.

Mwaka wa kwanza Idda akiwa Lupingu, ngano ya Yunisi ilikauka mapema. Jirani yake Dorika alikuja na mundu, akitaka awe mfungaji, akarudishwa. Akaja tena, akamwonyesha ndege walivyojaa, akarudishwa tena. Watu wakaanza kusema uzee umempata, anaacha chakula kioze mbele ya macho yake. Yunisi alikaa mlangoni akitazama kona ya barabara, na moyoni alikuwa na hofu, maana milima ile ni mirefu na Idda sasa ana mji wake.

Alitokea asubuhi yenye ukungu, kapu la samaki kichwani na mtoto mchanga mgongoni. "Kamwene, mama," alimsalimu. Alimkabidhi bibi mtoto amtazame, akamrudisha mgongoni, akaingia shambani kumngoja mkataji. Siku ile Yunisi alichoka mapema kuliko zamani. Nyuma yake Idda aliufungua mganda, akaufunga upya polepole, na safari hii Yunisi aligeuka akamwambia ahsante.

Ikawa hivyo kila kipindi cha baridi. Yunisi alifariki miaka michache kabla Mwingereza hajafunga virago, wakati wa masika, ngano ikiwa bado kijani na njia za ziwani zimekatwa na mvua. Habari zilichelewa. Julai Idda alipanda milima kama kawaida, akakuta mlango umefungwa na shamba limekauka likimngoja. Alikata yeye, Dorika akafunga.

Alishuka na ile picha kichwani, akaitundika Lupingu, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuona shamba la ngano. Watoto wake waliizunguka wakiuliza ni nani mama huyu wa Kizungu mwenye majani kichwani.

Idda aliitazama kwa muda, yale mashavu mekundu na yale macho yanayotazama njia.

"Si Mzungu," aliwaambia. "Ni bibi yenu Yunisi."