Niliitetea Pikipiki Msibani

Siku moja ya kipupwe haijanitoka moyoni, mwanangu, na kila ubaridi wa Juni unapoingia hapa Tabora siku hiyo huja kukaa nami. Mimi ni fundi pikipiki. Nimezeeka nikinuka petroli, na vijana wa mtaa wa Ipuli wanaoniletea vyombo vyao asubuhi wananijua kwa kugombeza: choki, plagi, oili, kila kitu nawagombezea. Ndivyo kazi ilivyo, fundi asiyegombeza huishia kutengeneza kitu kimoja mara tatu. Lakini leo sina ugomvi nawe. Nataka nikuambie habari ya kaka yangu Shabani, ambaye mwaka jana tulimzika Sikonge, na neno nililolisema mbele yake tukiwa vijana.

Shabani alikuwa mkubwa wangu. Alilima tumbaku na karanga kijijini Ntalikwa, nami nilikuwa mjini najifunza ufundi kwa Mzee Hamduni, aliyekuwa na karakana uani kwake karibu na soko. Mwaka mmoja mavuno yalikuwa mazuri, kaka akanunua pikipiki iliyoachwa na mradi fulani uliofungwa. Ilikuwa ndefu, matairi yana meno, chombo cha kwenda lami na porini pia. Mimi ndiye niliyemchagulia na mimi ndiye niliyeitunza. Ukinitaja Ntalikwa siku zile, watu walisema, aa, yule anayetengeneza pikipiki ya Shabani.

Wewe umezoea hizi za siku hizi, nyingine unabonyeza kitufe tu inawaka. Ile ilikuwa ya kabureta, na kabureta asubuhi ya baridi ni kama mzee aliyeamshwa: usimtume mahali kabla hajanywa chai. Baridi inafanya petroli iwe nzito kugeuka mvuke, kwa hiyo unavuta choki ili injini ipate mafuta mengi zaidi. Unapiga kiki. Ikiwaka, unaiacha ingurume mpaka ukiweka kiganja kwenye injini unahisi uvuguvugu, ndipo unarudisha choki taratibu huku unasikiliza silensa, yaani ule mngurumo wake ikiwa imesimama. Ikitulia, nenda zako. Ukiondoka na choki imevutwa ukaisahau, mafuta yanazidi, plagi inajaa masizi, chombo kinakuzimikia njiani. Kila kipupwe kilipoanza mimi nililegeza skrubu ya kabureta kidogo, chini ya nusu mzunguko, nikapandisha silensa kwa kusikiliza tu, na nilijivunia mno sikio langu. Nilimfundisha kaka hata kuvaa gazeti kifuani ndani ya sweta, maana upepo wa alfajiri wa njia ile unapenya mbavu.

Basi ilikuwa Julai, nami nilikuwa nimelala kwa kaka na mkewe. Mtoto wao wa pekee, Tatu, aliyekuwa ananiita "baba mdogo fundi", alikuwa anakohoa tangu wiki iliyopita. Alfajiri ile kifua chake kikawa kinabonyea kila anapovuta pumzi. Shemeji yangu Zuhura akamfunga blanketi. Kaka akaisukuma pikipiki uani, akavuta choki, ikawaka kwa kiki chache.

Nikamwambia, "Kaka, ingoje ipate joto kidogo. Na choki usiisahau."

Akanijibu bila kunitazama, "Mtoto anakata roho, wewe unaniambia joto."

Wakapanda, Zuhura nyuma na mtoto katikati yao, wakaondoka huku moshi mweusi ukiwafuata. Haraka haraka haina baraka, tunasema, lakini aliyeutunga msemo huo nadhani hakuwa amebeba mtoto anayeshindwa kupumua.

Nikaazima baiskeli ya jirani nikawafuata. Njia ile ni ya zamani. Babu zetu waliipita na mizigo mabegani wakielekea pwani, na mchanga wake haujawahi kumhurumia mtu. Niliwakuta kwenye mbuga ya mpunga, kabla ya kufika mjini. Kaka anapiga kiki, jasho linamtiririka katika baridi ile, na choki bado imevutwa. Zuhura amekaa kwenye nyasi zenye umande, amevua kanga yake ya kichwani akamwongezea mtoto juu ya blanketi. Gari halikupita hata moja. Nikarudisha choki, nikafungua plagi, nikaifuta masizi kwa pindo la shati, nikaifunga tena, nikazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho na kupiga kiki mpaka ikawaka. Wakaenda.

Tatu alifariki hospitalini kabla ya adhuhuri. Daktari alisema kichomi kilikuwa kimeshaenea mapafu yote mawili, na hakujua kama kufika mapema kungebadilisha kitu. Hakujua, ndivyo alivyosema, na hata mimi sijui.

Tulimzika jioni ile. Kesho yake wanaume tumekaa kwenye jamvi uani, wanawake wamejaa ndani, na dirisha la chumba walimokaa lilikuwa na pazia tu. Watu wanakuja, wanatoa pole, wanauliza ilikuwaje. Kaka anawajibu wote maneno yale yale: "Pikipiki ilituzimikia njiani." Akaja mzee mmoja wa pale kijijini, akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Pikipiki zenyewe hizi. Na fundi si ndiye huyu mdogo wako?" Hakusema kwa ubaya. Wachache wakanigeukia.

Mwanangu, nilikuwa kijana, na jina langu la ufundi ndilo mali niliyokuwa nayo. Nikaona kazi yangu inapotea pale pale kwenye jamvi. Nikasema, kwa sauti ya kusikika, "Pikipiki ilikuwa nzima. Choki haikurudishwa. Nilimwambia aingoje, akakataa."

Kaka aliinamisha kichwa, akawa anachokoachokoa ukili wa jamvi kwa kidole. Ndani, wanawake waliokuwa wakizungumza wakanyamaza, nikajua Zuhura amesikia. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wahenga, nami nilikuwa naujua msemo huo tangu madrasa. Nilidhani unawahusu waongo na wambea. Mimi sikuwa nimesema uongo.

Mzee Hamduni alikuwa amekuja kutoka mjini kuhani. Akaniita tukasimama nyuma ya nyumba, karibu na bani la kukaushia tumbaku. Alikuwa mtu mpole siku zote, lakini siku ile hakunipa hata salamu.

"Umeitetea pikipiki," akaniambia. "Chuma hakina haya. Kingesingiziwa, kikanyamaza, na kesho ukikiwasha kingewaka. Kaka yako je?"

Nikamwambia, "Lakini, baba, ni kweli."

"Mwosha naye huona ya kweli," akasema. "Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ndiyo maana hutoka mle ndani amenyamaza. Wewe ni fundi. Kila chombo utakachokifungua utaona kosa la mwenyewe humo. Ukishindwa kuyafunika makosa ya watu, tafuta kazi nyingine." Akaniacha pale, akarudi kukaa karibu na kaka.

Kaka hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Zuhura alingoja arobaini ya mtoto iishe, akafunga nguo zake akarudi kwao. Hakusema sababu, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza. Kaka akaiuza pikipiki, akahamia Sikonge kurina asali, na hakuoa tena. Alitembea kwa baiskeli mpaka uzeeni. Nilipokwenda kumtembelea alinipokea vizuri, akanichinjia kuku, na kwa majirani akanitambulisha kama mgeni wake kutoka mjini. Mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nikawa wa kuchinjiwa kuku.

Nilimwomba radhi mara moja tu. Tulikuwa tumekaa nje kwake tunaota jua la asubuhi. Nikamwambia, "Kaka, lile neno nililosema msibani, nisamehe."

Akanitazama kidogo. "Ulisema kweli, mdogo wangu," akasema. "Nikusamehe nini?" Kisha akaniuliza watoto wangu hawajambo.

Ungekuwa uongo, ningeweza kuurudisha. Ningesimama mbele za watu nikasema, nilidanganya, nilaumuni mimi. Lakini kweli utairudisha vipi? Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga kwa mkono wangu, yakawa safi na kila mtu akayaona.

Mwaka jana baridi ilimkuta mgonjwa. Nilifika akiwa hatambui watu. Nilimshika mkono nikamwambia yote niliyokuwa nayo, na sijui kama alinisikia. Nililia mbele ya majirani zake bila kujificha.

Na ni pale kitandani, mwanangu, nilipoliona jambo ambalo kwa miaka yote nilikuwa nalipita pembeni. Asubuhi ile uani, aliyeijua pikipiki ile kuliko wote alikuwa mimi. Kaka alikuwa hana akili ya kingine ila mtoto wake, nami nikampa maelezo. Sikumwambia, "Nipishe, nitawapeleka mimi." Siku ya msiba, niliposema nilimwambia, kaka alikuwa na swali moja tu la kuniuliza: "Mbona hukuendesha wewe?" Angeuliza hivyo, jamvi zima lingenigeukia, na jina langu la ufundi lingezikwa siku ile. Hakuuliza. Hakuuliza msibani, hakuuliza Sikonge tukiota jua, hakumwuliza hata jirani. Alinifunika mpaka akaingia na swali hilo kaburini.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Ukiona mwenzako anakwenda kukosea, usitosheke na kumwambia. Ukiweza, shika kazi hiyo wewe. Ukishindwa, na baya likatokea, basi maneno yako yaliyokuwa sahihi yafungie ndani. Mpe pole. Mwache aseme chombo kilizima, hata kama wewe ndiye fundi, hata kama watu watakutazama. Jina la kazi utalijenga tena kwa kazi. Mtu uliyemvua nguo siku ya msiba wake humvishi tena.

Mungu akupe macho ya kuona hatari mapema na mikono myepesi ya kusaidia. Akukinge na ajali, akulindie uzao wako. Na siku utakayokosea wewe, maana utakosea, akujaalie ndugu kama niliyekuwa naye mimi, na akupe kumjua angali hai.