Samoni Aliyenaswa Mgongoni

Mto Rouge ukifika Oktoba unanuka. Picha zake huonyesha majani mekundu na maji yanayometa, na watu husema, aa, pazuri hapo. Lakini aliyewahi kusimama pale mto unapoingia Ziwa Ontario, mpakani mwa Toronto na Pickering, anaijua harufu yenyewe: samoni waliokwisha kutaga wakafa, wameletwa chini na maji na kulazwa kingoni, macho yameshadonolewa na shakwe, na juu yao majani yaliyolowa yanaoza taratibu kama hayana haraka ya kwenda popote. Harufu hiyo iliingia kwenye koti la baba, ikatoka kwenye koti ikaingia kwenye gari, na kutoka kwenye gari ikanisindikiza hadi darasani Jumatatu asubuhi, ambako nilipata nafasi kubwa sana ya kukaa. Mimi ni mtu wa ndani. Hata leo nikiambiwa nje kuna hewa safi huwa naamini tu, siendi kuhakikisha. Kwa hiyo msomaji anisikitikie: mwaka ule nikiwa darasa la tano, kila Jumamosi ya majira yale majani yanapopukutika, nilitolewa kwenye sofa, nikavishwa sweta juu ya sweta mpaka mikono ikakataa kushuka, nikapelekwa kusimama kando ya mto. Baba alihitaji mkalimani.

Baba alizaliwa Kigoma, kwenye ukoo wa wavuvi, na jambo hilo hakulificha. Kwenye kiwanda cha mikate alikofanya kazi walilijua, kwa kinyozi walilijua, na nadhani hata dereva wa basi letu alilijua. Shida ni kwamba Kigoma walivua dagaa na migebuka kwa nyavu na taa, kundi zima la wanaume wakivuta pamoja. Hapa amepewa fimbo, uzi na ndoana, halafu anaambiwa amdanganye samaki ambaye hana hata njaa. Maana samoni akishaingia mtoni kwenda kutaga huwa ameacha kula. Akiuma chambo, anauma kwa hasira tu, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Baba alijitahidi kuwakasirisha, lakini wapi. Ndoo yetu ilikwenda tupu ikarudi tupu. Mama, ambaye ni wa Tanga na hajawahi kukubali kwamba maji yasiyo na chumvi ni maji ya maana, alitupokea mlangoni: "Mvuvi wangu, karibu. Leo wamekusalimia?" Baba mdogo Haruni, mdogo wake baba, ambaye alikula kwetu kila wikiendi na hivyo alikuwa na haki ya kusema, aliongeza: "Kaka, nenda dukani ukanunue wa kopo, umtumbukize mtoni, umtoe. Sisi tutasema tumeona." Baba alicheka pamoja nao. Lakini aliyekaa naye kwenye gari ni mimi, na kwenye gari hakucheka. Kuoka mikate alijifunza ukubwani, Kiingereza kilikuwa bado kinamtesa. Uvuvi ndicho kitu pekee alichokuja nacho kutoka nyumbani, na sasa mto wa watu ulikuwa unakitilia shaka mbele ya mkewe, mdogo wake na binti yake.

Juu ya hayo kulikuwa na kanuni. Kando ya njia palikuwa na bango, nami nililisomeshwa kila tulipopita, kana kwamba wiki hii lingesema jingine. Uwe na leseni. Uvue kwa fimbo, usitumie wavu wala mikono. Na samaki aliyenaswa popote pasipo mdomoni arudishwe majini saa ileile. Hii ya mwisho ilimchekesha baba. "Yaani samaki anaulizwa amepatwa wapi? Kwani yuko hospitali?" Lakini yule aliyeisimamia, baba alimwogopa. Kigoma afisa wa uvuvi huitwa Bwana Samaki. Huyu wa kwetu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sare na kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, basi tukamwita Bibi Samaki. Alipokuja kukagua leseni, baba alisimama wima kama mwanafunzi aliyechelewa, ingawa leseni alikuwa nayo kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni, imetunzwa kuliko cheti cha ndoa. Nilimuuliza kwa nini anaogopa. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo kama mimi, Bwana Samaki alikuja ufukweni kwao akalichoma moto kokoro la babu, ule wavu mrefu wa kukokota unaozoa kila kilichomo majini, hata vitoto vya samaki. "Ukiungua wavu unanuka, mama," alisema. Kisha baadaye, tukiwa tayari kwenye taa za barabarani: "Babu yako alikaa chini palepale mchangani."

Jumamosi ya mwisho ya msimu ule, baridi imeshaanza kuuma masikio, Baba mdogo alikuja nasi. Alisema amekuja kushuhudia. Alileta chupa ya chai, akaketi juu ya ndoo yetu kwa kuwa, alisema, haina kazi nyingine. Alikuwa anapuliza kikombe cha kwanza wakati fimbo ya baba ilipopinda mpaka ncha ikagusa maji. Sijawahi kumwona baba akikimbia kabla ya siku ile. Samaki alikwenda upande wa ziwani, baba akaenda naye. Akageuka kuelekea juu, baba akageuka, mabuti yamejaa maji, anapiga kelele kwa Kiha ambacho mimi sikijui na ambacho Baba mdogo alikataa kunitafsiria. Hapo ndipo Baba mdogo alipofanya jambo ambalo ni Mswahili tu angelifanya: alimpigia mama simu samaki akiwa bado majini.

"Shemeji! Una tui? Basi weka jikoni! Mkubwa huyu, kama mtoto wa chekechea!"

Mama naye si mtu wa kula peke yake. Kabla hajakata simu nilimsikia akimpigia kelele jirani wa ghorofa ya juu, na kusema atamwita na mwingine wa North York, huko upande mwingine wa jiji.

Hatimaye baba alimburuta mpaka kwenye changarawe. Samaki alikuwa mweusi mweusi, taya limejikunja kama ndoano ya mlango, anahema. Baba alipiga magoti, akamfungua mdomo. Mdomo ulikuwa mzima. Ndoana ilikuwa mgongoni, nyuma kidogo ya pezi.

"Mzuri, wallahi," alisema Baba mdogo. "Leta ndoo."

Baba alikuwa anaipapasa ile ndoana kwa kidole.

"Kaka. Hapa tuko watatu, wa nne ni samaki mwenyewe. Nani atasema?"

"Huyu hakuuma, Haruni."

"Mdomoni, mgongoni, sufuriani si ni yuleyule? Shemeji ameshaita watu! Kuna mtu anatoka North York!"

"Uzi umemkuta anapita zake," alisema baba. "Nimemzoa tu."

Aliitoa ndoana polepole. Akaingia naye majini mpaka mapajani, akamshika mkia, kichwa kikitazama mkondo, kama mtu anayemfundisha mtoto baiskeli, mpaka samaki akakumbuka kuogelea. Kisha akamwachia. Baba mdogo alikaa chini kwenye changarawe, simu mkononi, inaita. Alikuwa mama. Hakuna aliyepokea.

Tulikuwa tunakusanya vitu Bibi Samaki alipokuja kwa njia ya juu. Aliitazama ndoo, akasema neno la pole, nami nikafungua mdomo kutafsiri. "Mwambie nimepata mmoja," baba alisema. "Nimemrudisha." Nikamwambia. Akauliza ndoana ilikuwa wapi. Kabla sijatafsiri, baba aligeuka akamwonyesha mgongo wake mwenyewe, akajipiga kofi chini ya bega. Bibi Samaki alicheka mpaka kofia ikapanda, na baba akacheka, na kwa mara ya kwanza msimu ule mkalimani hakuwa na kazi.

Nyumbani harufu ya tui, ndimu na pilipili ilitupokea tangu kwenye lifti. Sebule ilikuwa imejaa. Mama alitazama ndoo, akamtazama baba, akamtazama Baba mdogo, ambaye alieleza yote kwa uchungu, na mwisho akasema samaki huyo alikuwa mzima wa afya wakati wanaachana. Nilimtazama baba, alisimama wima, mikono pembeni, vilevile kama mbele ya Bibi Samaki. Kisha yule wa North York akauliza, "Sasa alinaswa mgongoni, alikuwa anarudi nyuma?" Nyumba nzima ikaangua vicheko, na baba alicheka kuliko wote. Nilimchunguza: safari hii ilikuwa kweli. Mama alichemsha mayai, akayamenya, akayatumbukiza kwenye lile tui. Tulikula mpaka sufuria ikakwanguliwa. Tangu siku hiyo mayai ya kupaka nyumbani kwetu yanaitwa samoni.

Siku hizi samoni nanunua dukani, minofu mitupu, hana mdomo wala mgongo. Huwezi kumuuliza alinaswa wapi. Ninaishi ghorofani, nina sofa langu mwenyewe, na binti yangu, ambaye anasikia Kiswahili chote na kunijibu chote kwa Kiingereza, naye hataki kwenda nje, kwa hiyo damu haipotei. Baba amestaafu lakini leseni anakata kila mwaka. Niliwahi kumuuliza: siku ile ilikuwa ni sheria, au woga, au kiburi? Akasema kwamba miaka yote alimchukia yule Bwana Samaki wa Kigoma, na bado anamchukia, maana angeweza kumwonya mzee kwanza. "Lakini nilipomshika yule samaki," alisema, "nikajua kokoro letu lilikuwa la namna gani." Kisha akaniuliza kama chai ipo.

Oktoba iliyopita alinipigia akiwa mtoni. Nilisikia maji, upepo, na pumzi zake za mtu mzima anayekimbia asipotakiwa kukimbia. "Zuhura! Una tui?" Nikainuka kwenye sofa, nikatoa kopo kabatini. Halafu, kwa kuwa namjua baba yangu, nikabandika na mayai.