Manowari ya Binti Yangu

Binti yangu wa pekee ni fundi wa mitambo kwenye manowari ya Uingereza. Mwaka huu walipelekwa Pasifiki kufanya mazoezi na mataifa washirika. Asubuhi moja, nikiwa zamu ya uuguzi hospitalini Lewisham, London, nikasikia redioni kwamba meli za washirika zimezingirwa huko na meli za adui. Nikapiga namba ya jeshi ya kusaidia familia za wanamaji.

"Samahani, haturuhusiwi kusema meli iko wapi," mwanamke akanijibu.

"Sikuulizi meli, dada. Nakuuliza mwanangu."

Nililia mbele ya wagonjwa wangu.

Siku ya tisa binti akapiga mwenyewe. Alikuwa mzima, ila wameongezewa miezi sita huko baharini.

"Omba ruhusa urudi, mwanangu!"

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amekula kiapo. Nilimsihi mpaka simu ikakatika.