Taa za Masinde

Mume wangu Masinde kazi yake ilikuwa kuwasha taa. Mnacheka? Mwaka wa 1968 kiwanja cha ndege cha shamba tulikoajiriwa, nje kidogo ya Nyeri, hakikuwa na stima. Ndege ikichelewa, Masinde alipanga taa za mafuta safu mbili, ndege itue katikati. Hakuwahi kulewa kazini, na ugali wangu ulipoa mara nyingi yeye akingoja rubani mmoja tu.

Jioni moja ya Julai alitarajiwa Ngatia, daktari wa ng'ombe, akitoka Marsabit. Mafuta nilitia mimi mwenyewe. Taa zote ziliwaka, niliziona kwa macho yangu. Kisha ukungu ukashuka kutoka Nyandarua, ukafunika kiwanja kizima. Tukasikia ndege ikizunguka huko juu.

Kagure, mke wa Ngatia, alikuwa kwenye maombi ya akina mama ng'ambo ya bonde, ambako ukungu haukuwa umefika. Wenyeji wa huku, mtu wao akichelewa gizani, hutoka na taa kumpokea njiani. Basi Kagure akawatoa wenzake, wakajipanga barabarani juu ya mashamba ya kahawa, taa mkononi, wakiimba. Rubani akaona mstari wa taa, akaufuata. Ndege ikagonga miti chini yao. Hakupona mtu.

Masinde alipofika mbio na kuwakuta wamesimama na zile taa, alielewa. Wao hawakuelewa.

Wakubwa walikuja kutoka Nairobi kuuliza maswali. Kagure, tena mja mzito, akalia mbele yao: "Kiwanja kilikuwa giza! Sisi ndio tulijaribu kusaidia!"

Masinde akamtazama, akasema, "Nilichelewa kuwasha."

Ai! Nilimvuta kando. "Una wazimu? Sema ukweli!"

"Nikisema, Gaudencia, huyu mama ataishi vipi?"

Akafutwa kazi. Watu wakamwita mlevi, wakamwita muuaji. Alibeba magunia sokoni Kagio mpaka mgongo ukakataa, na mdomo hakufungua. Mimi nilikuwa na hasira miaka hiyo yote, siwafichi.

Alipofariki, Kagure alikuja matangani na kijana wake Kahiga, sura ya Ngatia kabisa. Akanishika mikono.

"Mama Nafula," akasema, "nimemsamehe. Nimeomba miaka mingi nipate nguvu ya kumsamehe."

Ulimi uliniwasha, jamani. Nikamtazama yule kijana.

"Asante, Mama Kahiga," nikasema. "Karibu chai."