Sukuma za Shamba la Chini

Harufu ya dawa ilifika nyumbani kabla ya baba. Ilipanda kutoka shamba letu la chini, kule Kola, kali na yenye utamu kidogo, ikakaa kwenye nguo zilizoanikwa na hata kwenye nywele zetu. Jumatatu baba alipiga dawa, pampu mgongoni na kitambaa puani. Kufikia Jumanne shamba lilikuwa kimya. Nilikuwa na miaka tisa na niliuogopa ukimya ule. Nyuma ya jiko, kwenye kibustani cha mama, nyuki walivuma na viwavi walikula majani mpaka yakabaki kama chandarua. Kule chini hakukulia mdudu. Sukuma wiki zilisimama pana, bila tundu hata moja, na nilipopita katikati yake nilihisi zinanitazama.

Sheria yetu haikuandikwa popote: za nyuma ya jiko tunakula, za chini tunauza. Nilipouliza sababu, mama alijibu, "Hizo ni za soko," kana kwamba soko halina tumbo. Maandishi ya chupa ya dawa yalitaka tungoje siku kadhaa kabla ya kuvuna, lakini mnunuzi alikuja Alhamisi, na tulivuna Alhamisi. Mama alifunga mafungu kwa nyuzi za katani zilizobaki aliposuka vikapu vya kiondo, nyuzi za zambarau alizozitia rangi mwenyewe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nasi tuliurusha kila wiki bila kutazama unakoangukia.

Jumapili moja ya msimu huo shangazi Ndinda, dada ya baba aliyeishi Machakos mjini, alikuja kututembelea na mwanawe Kyalo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea. Kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Alitoa sukari, mkate, na mafungu matatu ya sukuma.

"Mama Mueni, nimekuletea mboga ya soko," alisema. "Ona, hata tundu moja haina. Kyalo amekula hii tangu juzi, hata mbichi anatafuna."

Mafungu yalifungwa kwa uzi wa zambarau.

Mama alimpakata Kyalo, akamfungua mdomo akatazama ndani, kisha akamnusa pumzi, polepole, kama mtu anayenusa maziwa asiyoyaamini. Baba alitoka nje.

"Kwani kuna nini?" shangazi aliuliza.

"Hizi ni zetu, Ndinda. Zilipigwa dawa Jumatatu, tukavuna Alhamisi."

Shangazi alicheka, kisha akaacha. "Na nyinyi mnakula gani?"

Mimi ndiye niliyenyoosha kidole kuelekea nyuma ya jiko, na aibu ya kidole hicho ninayo hadi leo.

Kyalo hakuugua. Sasa ana ndevu, lakini akikohoa tu mbele ya mama, mama huacha analofanya na kumtazama mpaka amalize. Baba alingoja zile siku za kwenye chupa tangu wiki iliyofuata. Sukuma zilizotangulia hatujui ziliishia kwa nani.

Siku hizi naishi mjini na nanunua sukuma zenye matundu nikizipata. Nikikosa, humuuliza muuzaji swali la shangazi: yeye anakula gani? Wengi hucheka. Wiki iliyopita nilimuuliza mama mmoja aliyeniambia amelima mwenyewe. Hakucheka. Alimtazama binti yangu aliyenishika sketi, akanyoosha mkono kwenye kikapu changu, akalitoa fungu alilokwisha kuniuzia, na kulirudisha mezani kwa ajili ya mwingine.