Ukuta Usiolindwa na Askari

Nikiwa jeshini tulipelekwa nchi jirani kulinda amani, na huko tukawachimbia watu kisima kizuri ajabu. Mahali tulichagua sisi, tukachimba sisi, tukakilinda sisi kwa bunduki. Tulipoondoka, pampu iling'olewa kabla vumbi la malori yetu halijatulia. Watu hawana shukrani kabisa! Niliwatukana hivyo mpaka nikastaafu.

Kurudi nyumbani Matinyani, nikamkuta mke wangu na mwethya wao, kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, wakijenga ukuta wa mawe kukatiza mto wetu wa mchanga, unaokauka mvua ikiisha, ili maji yasitoroke. Nikasimama ukingoni, nikaanza kutoa amri. Mama mwenyekiti wao hata hakupandisha sauti.

"Afande, hapa hatuna msimamizi. Leta jiwe kwanza, ndio uongee."

Kina mama waliangua kicheko. Nikabeba jiwe. Chifu naye alikuwa amebeba, na pasta pia, akiwa amevaa viatu vyake vya Jumapili.

Mvua ilipokuja, mto ulishuka na hasira ya kung'oa miti. Asubuhi tulikimbia wote kwenda kuona. Ukuta ulikuwa umesimama! Tuliimba mpaka sauti zikakauka.

Leo ukifukua kidogo tu mchanga uliojaa nyuma ya ukuta, maji haya hapa. Askari hakuna. Lakini jaribu kugusa jiwe moja pale, utamsikia mke wangu akipiga kelele kutoka ng'ambo ya mto: "Wewe! Hilo ni la mzee wangu!"