Maombi ya Kufunga Mechi

Jumamosi chuo chetu hapa Thika kilifungwa nyumbani, mpira wa kikapu, kwa pointi moja, na wageni kutoka Ruiru. Na sisi hatutawanyiki bila maombi. Kocha akamwomba mama mmoja wa mtaa wa Makongeni, shabiki asiyekosa mechi, atufungie kwa sala. Tukafumba macho sote, hata refa.

"Baba," akaanza taratibu, "wafikishe wageni wetu salama." Akavuta pumzi. "Na huyu mtumishi wako wa filimbi, Baba, mfungue macho. Ile faulo ya mwisho wewe uliiona. Yeye hakuiona. Msamehe, maana sisi bado tunajaribu."

Nikafumbua jicho moja. Filimbi ilikuwa mkononi mwa refa, lakini nani hupuliza filimbi katikati ya maombi? Akainamisha kichwa, akaitikia "Amina" pamoja nasi.